Kulisoma Rungu la Mahandaki

Rungu langu la kwanza la Vita Kuu ya Kwanza nililinunua kwa kuamini simulizi ya muuzaji, na baadaye nikatambua kwamba ulikuwa mguu wa meza uliopigiliwa misumari mipya. Tangu hapo huanza na mti na chuma, simulizi hufuata.

Silaha hizi zilitokana na vita vya mahandaki vya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, ambako askari waliotumwa usiku kuvamia handaki la adui walihitaji kitu kifupi kisicho na kelele, kwa kuwa bunduki yenye singe ilikuwa ndefu mno kwa vijia vile vyembamba na mlio mmoja ungewaamsha maadui wote. Marungu mengi yalitengenezwa na maseremala na wahunzi wa vikosi vyenyewe, wakitumia misumari ya viatu na madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Kwa rungu la Kiingereza lenye kichwa cha chuma cha meno kilichovishwa kwenye mpini wa sururu ndogo ya askari, natafuta kwanza mhuri. Mipini ya namna hiyo ilitengenezwa tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo mhuri wa 1941 unamaliza mjadala, hata kama kichwa kimejaa kutu ya kupendeza.

Pasipo mhuri, naliuliza doa. Mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mti, na chuma kikikaa ndani yake penye unyevu kwa miaka mingi, huacha weusi unaopenya kufuata nyuzi za mti, ilhali rangi ya kughushi huishia juu juu. Kutu iliyoenea sawasawa kwenye kila msumari hunitia shaka vilevile, kwa sababu ile ya kweli hushika hapa na kuacha pale.

Siyaweki ukutani kama mapambo. Tarehe 29 Juni 1916, katika mlima San Michele, kaskazini-mashariki mwa Italia ya leo, askari wa Austria-Hungaria waliwamalizia kwa marungu ya misumari Waitalia waliokuwa wamelemewa na gesi ya sumu, nami hulikumbuka jambo hilo kila ninapoyashika.

Nililo nalo mezani leo lina tundu la ukanda wa mkononi, lililolika upande mmoja tu, ule ambao uzito ungeuvuta ukanda. Ukanda wenyewe haupo, wala sitaufungia mwingine.