Arshavin bado ni wangu
Usiku wa 21 Aprili 2009 kibanda umiza chetu kililipuka mara nne, zote kwa mabao ya Andrey Arshavin, Mrusi wa Arsenal. Liverpool 4, Arsenal 4. La nne lilikuja dakika za mwisho: Walcott kaukimbiza mpira, kampasia, mguu wa kushoto, wavuni.

Ndiyo maana Euro 2012 iliniuma. Urusi imetolewa na Ugiriki, yeye nahodha, mashabiki wanalalamika, naye anawajibu kwamba matarajio yao kutotimia ni tatizo lao. Nahodha hajibu hivyo jamani! Watu walijilipia nauli hadi Poland.

Lakini ukimwita mvivu tutabishana mpaka asubuhi. Bao lake lililoilaza Barcelona Februari 2011 nililiona kwa macho yangu.