Bondo la mbuta na matamvua ya taa

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya meza ya kupasulia mbuta hapa Kisumu anajua kwamba bondo hutengwa kando kwa uangalifu kuliko minofu, kwa kuwa kifuko hicho cha hewa, kikishaanikwa, husafirishwa hadi Uchina kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Samaki wakubwa wa baharini waitwao taa, yaani manta na jamaa zao mobula, wamepatwa na jambo kama hilo, ila kwao kinachotafutwa ni matamvua wanayopumulia, ambayo hukaushwa na kuuzwa kama dawa, hasa Guangzhou.

Tofauti kubwa iko kwenye uzazi. Mbuta jike hutaga mayai kwa mamilioni, ilhali manta hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja, kisha akakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Uvuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ukisitishwa kwa miezi michache, ziwa hujaa tena; kwa manta, miezi hiyo si kitu.

Ndiyo maana naona CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, umeshika panapostahili: mnunuzi yuko mbali, basi mzigo wake uzuiwe bandarini. Manta waliingizwa katika Kiambatisho cha Pili huko Bangkok mwaka 2013, na mobula wakafuata huko Johannesburg mwaka 2016. Kiambatisho hicho hakikupiga marufuku biashara, bali kilizitaka nchi zinazouza zitoe kibali baada ya wataalamu wao kuridhika kwamba mauzo hayo hayatahatarisha kizazi cha samaki hao. Sharti lenyewe ni la busara, ingawa sote tunajua kibali kinavyoweza kupatikana. Mwishoni mwa mwaka 2025, katika mkutano wa Samarkand, nchi wanachama ziliamua kuwahamishia wote katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hakiruhusu viumbe waliotolewa porini kuuzwa kimataifa kwa ajili ya faida.

Hata hivyo, mkataba huu hausimamii taa anayetiwa chumvi na kuuzwa humuhumu nchini, na taa aliyenaswa kwenye jarife lililotegewa jodari anaweza kufa hata kama matamvua yake hayana mnunuzi. Nyavu zitegwe wapi, na anayenaswa akiwa hai arudishwe vipi majini, ni mambo ya sheria zetu wenyewe za uvuvi na za wanyamapori.