Huế na mfalme aliyefia Afrika

Tulikuwa Vietnam, tukatoka Da Nang kwenda Huế kwa treni, na kama unaenda kaa upande wa kulia maana pale kwenye milima ya Hai Van reli inapita juu ya bahari kabisa, yaani simu haishuki mkononi.

Huế ndo ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn, 13 walipita hapo kuanzia 1802 mpaka 1945. Ngome yao ukuta wake unazunguka kama kilomita 10, ndani ukuta mwingine, halafu mwingine tena ndo kwa mfalme mwenyewe na wake zake, ila huko ndani kabisa sasa hivi pengi ni majani na misingi tu, vita na Wafaransa 1947 na vile vya Tet (mwaka mpya wa Kivietnam) 1968 vilisomba karibu kila kitu. Mi nilichoganda nacho ni vyungu 9 vya shaba, vikubwa hatari, vya miaka ya 1830, ukisogea unaona vimechorwa tembo, mpunga, mito, meli, mpaka mizinga, yaani nchi nzima imewekwa kwenye vyungu.

Makaburi ya wafalme yako nje ya mji, tukakodi pikipiki. La mfalme Khải Định ndo kila mtu anakimbilia, ngazi 127 kwenye lile jua, juu kuta zote zimepambwa kwa vipande vya sahani na chupa. Kali kweli, lakini wananchi walipandishiwa kodi ili lijengwe na ujenzi ukaisha 1931, mwenyewe keshakufa tangu 1925, so sikulipenda kivile.

Sasa twende An Lăng, makaburi mengine ya wafalme, huko watalii wala hatukukutana nao. Kalala mfalme Duy Tân, aliyetawazwa 1907 akiwa mtoto wa miaka 7, 1916 akaingia kwenye njama ya kuwatoa Wafaransa waliokuwa wanaitawala nchi, wakamkamata wakamtupa Réunion, hapo tu nyuma ya Madagaska, pamoja na baba yake Thành Thái ambaye nae walishamvua ufalme. Desemba 1945 ndege aliyopanda ikaanguka Afrika ya Kati, akafia huko, na mwili ukarudishwa Huế 1987, miaka zaidi ya 40! Historia tulisoma shuleni jamani lakini huyu hakuna aliyewahi kunitajia. Dereva wetu alishangaa tunang'ang'ania kaburi dogo hivyo, nikamwambia huyu alikuwa jirani yetu.