Nilivyogawa ruhusa kwenye kanzidata ya chama chetu cha asali

Chama chetu cha wafugaji nyuki hapa Tabora hupokea asali kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua. Kila ndoo ikipanda mizani, karani anaandika jina la mfugaji na kilo. Humo humo zimo namba za simu na za akaunti za benki. Nilipokabidhiwa kanzidata hiyo, iliyojengwa kwa programu ya PostgreSQL, ofisi nzima ilikuwa ikiingia kwa jina moja na nywila moja, jina lenye uwezo wa kufuta jedwali zima. Kilo zikibadilika baada ya kupimwa, hakuna ambaye angeweza kusema nani kazigusa. Kwa mtu aliyelala porini siku kadhaa akirina asali, hilo ni jambo zito.

Nilianza na kazi, si watu. Niliuliza kila mmoja anafanya nini hasa, nikaunda majukumu (roles, yaani vifurushi vya ruhusa) matatu yasiyoweza kuingia yenyewe: karani, mhasibu, msomaji. Kisha kila mtu akapata jina lake na nywila yake, akaunganishwa na jukumu lake. Mtu akihamia kazi nyingine unambadilishia jukumu tu, huhangaiki na jedwali moja moja.

Karani nilimpa hivi (GRANT ni amri ya kutoa ruhusa, USAGE ni ruhusa ya kuitumia schema, yaani fungu la majedwali, na INSERT ni ya kuongeza mstari):

GRANT USAGE ON SCHEMA asali TO karani;
GRANT INSERT (mfugaji_id, kilo) ON asali.mapokezi TO karani;

Jedwali la mapokezi lina safu (column) nyingine iitwayo aliyeandika, ambayo hujazwa yenyewe kwa session_user, yaani jina la aliyeingia. Kwa kuwa safu hiyo haimo kwenye ruhusa ya karani, hawezi kuandika jina la mwenzake hata akitaka. UPDATE (kubadilisha mstari) na DELETE (kuufuta) hana kabisa. Kilo zikikosewa, mhasibu anaongeza mstari wa marekebisho na ule wa kwanza unabaki ulivyo. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote niliyofanya pale.

Karani mmoja, mtu wa siku nyingi, aliumia. "Kwa hiyo mdogo wangu huniamini?" Nikamwambia, "Kaka, zikitokea kilo hazieleweki, hii ndiyo itakayokutetea." Alikaa kimya, kisha akaomba nimwonyeshe jinsi ya kubadilisha nywila.

Kuna mahali watu wengi hukwama. Ukiwa na safu ya id (namba ya mstari) ya aina ya serial, inayojihesabu yenyewe, ruhusa ya INSERT peke yake haitoshi. Karani atakataliwa kwa sababu namba hutolewa na sequence, yaani kihesabu kilicho kando ya jedwali, nayo inadai USAGE yake. Safu ya aina ya identity, ambayo nayo hujihesabu, haina usumbufu huo. Tena, ukitoa ruhusa ya kusoma safu chache tu, programu inayoita SELECT * (leta safu zote) itakataliwa yote. Kwa hiyo makarani niliwatengenezea view (dirisha linaloonyesha safu ulizochagua tu) yenye jina na kijiji cha mfugaji, bila akaunti ya benki. View hiyo husoma jedwali kwa ruhusa za mwenye view, hivyo jedwali lenyewe hawaligusi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, sioni sababu ya karani wa mizani kuona akaunti ya mtu.

Angalia pia PUBLIC, yaani kundi la watumiaji wote. Ukimnyang'anya mtu ruhusa kwa REVOKE huku PUBLIC bado inayo, hujamnyang'anya kitu. Kabla ya toleo la 15 la PostgreSQL, lililotoka 2022, kila aliyeingia aliweza kuunda majedwali kwenye schema ya public, na kanzidata iliyopandishwa toka toleo la zamani huja na ruhusa hiyo.

Mtumishi akiondoka, namfungia kwa ALTER ROLE ... NOLOGIN. Amri hiyo huzuia kuingia upya tu. Aliyekwisha kuingia anaendelea, kwa hiyo nakata na muunganisho wake kwa pg_terminate_backend.

Kazi iliyopo mezani sasa ni kumfanya karani wa kila wilaya aone mistari ya wilaya yake tu. Sera za mistari (row-level security, kanuni za nani aone mstari upi) zinaliweza hilo, ila pg_dump, programu ya kutengeneza nakala rudufu, hugoma kunakili jedwali lenye sera ambazo aliyeingia hana haki ya kuzipita. Jukumu la nakala rudufu nitalipa BYPASSRLS, yaani haki ya kuzipita sera hizo, kwanza, ndipo niwashe sera.