Moto wa Makaa Ufuoni

Wapendwa, wiki hii nawaomba tusome sehemu mbili za Injili ya Yohana, sura ya 18 mstari wa 18 na sura ya 21 kuanzia mstari wa 9. Katika ile ya kwanza Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo ndipo anapomkana Bwana wake. Katika ile ya pili Bwana aliyefufuka amewasha moto wa makaa ufuoni, juu yake pana samaki, na Petro anaufikia akiwa amelowa. Neno la Kigiriki lililotumika kwa moto huo, anthrakia, halipatikani penginepo katika Agano Jipya isipokuwa hapo mara mbili. Sisi tunaopita Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, jioni twajua jinsi moshi wa makaa unavyoganda kwenye nguo, na sidhani pua ya Petro ilikuwa imesahau.

Yupo ndugu katika kanisa letu, mvuvi wa dagaa, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake pasipo kumtaja. Usiku mmoja wa dhoruba mtumbwi wao ulipinduka, taa zikazimika, na mwenzake aliyekuwa ameshikana naye mkono akamponyoka. Miezi minane baadaye bado alikuwa akilala ameegemea ukuta, mlango wazi, kwa kuwa akifumba macho aliuhisi ule mkono ukiteleza. Pikipiki ikisimama karibu naye na harufu ya petroli ikimfikia, moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, na kwa dakika kadhaa hakuwa barabarani Igoma bali majini. Njia ya kushuka mwaloni aliiacha kabisa, akawa mkali kwa watoto, na kila mara alisema kwamba yeye ndiye aliyestahili kufa.

Hali hiyo madaktari wanaiita ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, na imo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kwa jina lake rasmi tangu mwaka 1980. Wengi wanaopatwa na jambo la kutisha hutikisika siku kadhaa kisha hutulia wenyewe. Lakini tukio likiendelea kumrudia mtu kama linatokea sasa, akakwepa kila kinachomkumbusha, akawa mwenye kushtuka, kujilaumu na kukosa usingizi, na hayo yakapita mwezi mzima huku yakimvurugia maisha, anahitaji kutibiwa. Kumbukumbu nyingine hukaa nyuma yetu kama jambo lililopita. Hii haijapata mahali pa kukaa, na mwili unaendelea kupiga mbiu ya hatari iliyokwisha.

Nakiri kwamba nilipomtembelea mara ya kwanza nilimwambia asamehe, asahau, na aongeze maombi. Wengine walimwambia ana pepo. Duka la dawa lilimpa vidonge vya usingizi, ambavyo madaktari hawavishauri kwa ugonjwa huu, kwa sababu humfanya mtu avitegemee huku kiwewe kikibaki palepale. Na si yeye peke yake tuliyemkosea. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, tulizika, tukaomboleza, na waliookoka tukawaambia washukuru Mungu. Wale waliotoa miili majini sidhani kama tuliwauliza wanalalaje.

Sisemi kwamba Petro alikuwa na ugonjwa huu. Maandiko hayasemi hivyo. Ninachokitazama ni mwendo wa Bwana. Hakumkemea kwa kuwa na hofu, wala hakujifanya kwamba ule usiku haukuwapo. Alimrudisha kwenye moto wa makaa, ila safari hii ulikuwa wa asubuhi, karibu na ziwa alilolizoea, kati ya rafiki zake. Mstari wa 15 unaeleza kwamba walikula kwanza. Ndipo akamuuliza kama anampenda, mara tatu, sawasawa na zile mara tatu za kumkana.

Nilipomsindikiza ndugu yetu kliniki nilishangaa jinsi matibabu yanavyofanana na mwendo huo. Mshauri hakumlazimisha kusema lolote siku ya kwanza. Alimfundisha kutuliza pumzi, akamweleza ugonjwa wenyewe, na mke wake akaelezwa pia. Wiki zilizofuata alisimulia ule usiku tangu mwanzo hadi mwisho, tena na tena, na kila mara palipokuwa na neno "nilimwachia" mshauri alimuuliza kama aliachia au alinyang'anywa na wimbi. Nyumbani alipewa kazi ndogo ndogo: kunusa kitambaa chenye petroli akiwa ameketi na mkewe mpaka moyo utulie, kisha kupita barabara ya juu ya mwalo, kisha kushuka. Kwa wengine daktari huongeza dawa zinazotumika pia kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), kama sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na kuzimeza si kupungukiwa imani. Maombi hatukuyaacha, tuliacha tu kuyatumia badala ya kliniki.

Jumamosi iliyopita alishuka nami mwaloni. Tuliketi juu ya ubao wa mtumbwi uliovutwa mchangani, mkewe akaleta chai na viazi vitamu, tukala. Kijana mmoja akaivuta kamba ya injini, ikaguruma, na moshi ukatufikia. Ndugu yangu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akahesabu pumzi zake, macho yakiwa wazi. Baada ya muda akauachia mkono wangu, akaomba kikombe cha pili, akaanza kuniambia jina la yule mwenzake na jinsi alivyokuwa hodari wa kusoma upepo.