Nilivyoyalinda mapanga ya turbini mvuke ulipopungua joto

Turbini niliyokuwa nikiihudumia, mtambo ambao mvuke huyasukuma mapanga yake ili kuzalisha umeme, iliundwa kupokea mvuke wa nyuzi 540 za Selsiasi kwa shinikizo la baa 100 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa tunayoivuta), na kuutoa kwenye kondensa, chombo cha kuupoza mvuke uwe maji, kwa baa 0.1. Njiani humo mvuke hutanuka zaidi ya mara 350, ndiyo sababu mapanga ya mwanzo ni mafupi na ya mwisho ni marefu mno.

Ikatokea mabomba kadhaa ya kuuongezea mvuke joto ndani ya boila yametoboka. Tukayaziba, joto likakwama nyuzi 480. Wengi walitaka tubaki na baa 100 zilezile, kwa kuwa shinikizo kubwa huleta ufanisi. Kwa kawaida ni kweli, lakini nilitaka kwanza kupiga hesabu.

Nikatandaza chati ya Mollier, mchoro unaoonyesha hali ya mvuke kwa kila joto na shinikizo. Nikichukua ufanisi wa turbini kuwa asilimia 87, mvuke wa nyuzi 540 hufika mwisho ukiwa na matone ya maji kama asilimia 12 ya uzito wake, kiwango ambacho wahandisi wengi hawapendi kukivuka. Kwa nyuzi 480 na shinikizo lilelile, maji hufika asilimia 15. Matone hayo hayaendi kasi sawa na mvuke. Ncha za mapanga ya mwisho, zinazokata mamia ya mita kwa sekunde, huyagonga na ukingo wa mbele huliwa kidogokidogo hadi uwe na meno kama msumeno. Isitoshe, kila asilimia moja ya maji hupunguza karibu asilimia moja ya ufanisi wa safu hiyo ya mapanga.

Nikajaribu baa 70: maji yakarudi asilimia 12. Gharama yake ni kubaki na theluthi mbili hivi ya mzigo, yaani umeme tunaozalisha. Nilimwambia msimamizi, "Mkuu, megawati zitarudi tukibadilisha mabomba, lakini panga likiliwa hatulirudishi." Alikubali, na nilifurahi sana.

Tuliacha valvu wazi kabisa, tukashusha shinikizo kwenye boila yenyewe, polepole, macho yakiwa kwenye mtikisiko na kwenye tofauti ya kutanuka kati ya rota (mhimili unaozunguka na mapanga yake) na ganda la turbini. (Mitambo ya shinikizo kubwa zaidi huurudisha mvuke kwenye boila katikati ya safari ili upate joto upya; wetu haukuwa na njia hiyo.)

Mabomba mapya yalipofungwa, tulipandisha joto kwanza, ndipo shinikizo likafuata.