Jina Lilifika Tanga

Juzi mdogo wangu alinipigia akiwa kwenye foleni ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Alitaka kujua jina la tatu aandike lipi. Nikamwambia, lilelile. "Lilelile la babu, au lilelile la yule mwingine?" Tukacheka sana, maana ni jina moja. Nilipokata simu nikakaa nikimfikiria yule bibi wa Kasulu.

Jina lenyewe silitaji, wenye nalo wapo. Sisi tulilithibitisha kwenye kadi ya kibarua iliyokuwa ndani ya sanduku la bati la bibi yetu, chini ya bafta aliyojiwekea ya sanda. Jina, kabila Muha, wilaya Kasulu, na alama ya dole gumba. Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Alipelekwa Tanga enzi zile SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua, ikizoa vijana wa bara kwa ajili ya mashamba ya mkonge, akatupwa kambini mahali fulani kati ya Muheza na Korogwe. Huko akajaza vipande vyake, kila kimoja siku 30 za kazi ndani ya siku 42. Mkataba ukaisha, hakurudi. Akasilimu, akamwoa bibi, Mbondei wa palepale. Ukimuuliza kwao ni wapi, alisema "mbali", akaendelea kunoa panga.

Kinachonichekesha ni kwamba mkonge wenyewe ukoo wake unajulikana. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida, ikafika 1893, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Hilo limeandikwa na kuhifadhiwa. Jani alilokata babu lina nasaba kuliko yeye aliyelikata.

Basi mwaka 2014 mimi na baba tukafunga safari. Habari ya basi sitaieleza, waliopita njia ile wanaijua. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alilisikia jina letu, akasema ukoo huo upo, akatupa kijana wa kutupeleka. Baba alikuwa amejifunza "mwakeye" njiani, akawa anaigawa kwa kila tuliyekutana naye. Ilikuwa saa tisa alasiri. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, kumbe hiyo ni salamu ya asubuhi.

Yule bibi wa Kasulu alikuwa ameketi mkekani, anamenya muhogo. Kijana akamwambia kwa Kiha sisi ni nani. Kisu kikamtoka mkononi. Alimshika baba mashavu kwa mikono yenye maji ya muhogo, akamgeuza uso huku, akamgeuza kule. Kisha akaita watu. Wakaja kutoka nyumba za jirani, wengine na majembe, na kila aliyefika alitajiwa jina letu. Kaka yake, alieleza kupitia mjukuu wake, aliondoka yeye akiwa mtoto wa kung'oka meno. Aliaga anakwenda Tanga kutafuta pesa ya kodi. Mama yao alikufa akimngoja. Na sasa mwana wa kaka huyu hapa, na mjukuu huyu hapa. Baba alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika babu.

Ndipo bibi akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la mapenzi tu, la kutaka kumwona tena. Akakunja kidole cha kati cha mkono wa kushoto. "Kile kidole kilimsumbua kazini?" mjukuu akatafsiri. "Alikikata kwa shoka akipasua kuni, kikabaki kisiki."

Nilimtazama baba, naye akanitazama.

Babu yetu hakuwa na tasbihi. Baada ya swala alihesabu kwa pingili za vidole, nami nikiwa mdogo nilikaa mapajani nikimshikia kimoja kimoja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili asipotee hesabu. Kile cha kati cha kushoto nilikuwa nakipenda kwa sababu kilikuwa na kovu la mwiba wa mkonge karibu na ukucha. Kilikuwa na ukucha, yaani.

Ningeweza kunyamaza. Tungekula, tungepiga picha, tungeondoka na ukoo. Baba ndiye aliyesema, taratibu, "Shangazi, vidole vyake vilikuwa kumi." Mjukuu hakuwahi kutafsiri, bibi alishaelewa. Alikikunjua kidole chake akakitazama. Akauliza jambo ambalo kijana alisita kulitamka: "Kama jina lilifika Tanga bila yeye, yeye alifika wapi?"

Tulikwenda kuuliza, tukaulizwa.

Tulipewa ugali wa muhogo na migebuka, tukalala hapo, asubuhi tukaondoka. Baba mdogo ana maelezo yake: eti babu alikuwa bado mtoto, wenye mashamba wasingemchukua, akachukua kadi ya aliyeghairi njiani. Au ya aliyefia njiani. Shangazi yangu hataki kusikia habari hiyo hata kidogo. Kwao halisi kulikuwa wapi, Kasulu au kwingine, hakuna kadi inayosema. Na mimi kila nikifungua daftari la ukoo sijui yule mzee wa watu nimwandike mstari gani, maana bila yeye sisi tusingeitwa hivi, na pengine tusingekuwepo kabisa.

Baba alipoambiwa abadilishe jina alisema ameshalilipia kodi miaka yote, haliachi. Lakini mwisho wa mwezi humtumia bibi hela ya sukari kwa simu, na bado anamwita shangazi. Mjukuu wake anasema bibi hutaka meseji isomwe mara mbili: kiasi, halafu mtumaji. Baba anadai ni uangalifu wa pesa tu, Waha hawaibiwi.